Mipira isiyolingana kwenye jeep ya 4x4: bei ndogo mjini, hasara kubwa njiani

Butembo – Jeep inatoka mjini alfajiri kuelekea Manguredjipa, imejaa abiria, mifuko ya chumvi na makasha ya sabuni. Mpira mmoja wa nyuma unapasuka, na wa akiba ulikwisha kutumika safari iliyopita. Kando ya barabara dereva anapata mwingine wa kununua. Umetumika tayari, lakini hauna tobo, unaingia vizuri kwenye janti na bei yake inafaa. Anaufunga na kuendelea. Siku chache baadaye mkono wa 4x4 unagoma kutoka, sauti ya chuma inasikika chini ya viti, na gari linasimama katikati ya matope.

Safari za namna hii wanazijua wengi wanaotumia barabara za wilaya za Beni na Lubero, Kivu Kaskazini. Lawama huenda kwa barabara, au kwa makanika wa mwisho aliyegusa gari. Lakini mara nyingi chanzo ni ule mpira wa bei ndogo, ambao kimo chake hakikulingana na mitatu mingine.

Namba zilizoandikwa ubavuni

Kila mpira una kipimo chake kimeandikwa ubavuni. Mfano ni 265/70R16. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 70 inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Herufi R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 16 ni kipenyo cha janti kwa inchi.

Wanunuzi wengi wanaangalia ile 16 peke yake, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mpira utaingia. Hapo ndipo mtego ulipo. Mpira wa 235/85R16 unaingia pia kwenye janti ya inchi 16, na kwa macho unafanana na wa 265/70R16. Ukipigwa hesabu, wa kwanza una kimo cha milimita 806 hivi na wa pili milimita 777. Ni tofauti ya karibu sentimita 3.

Sentimita 3 zinaonekana ndogo, lakini gurudumu linazunguka. Kila mzunguko mmoja, mpira mkubwa unasogea sentimita 9 zaidi ya mdogo. Katika kilomita moja, mdogo unalazimika kuzunguka mara 14 zaidi. Katika safari ya kilomita 50, tofauti hiyo inapita mizunguko 700.

Nguvu inayokosa pa kwenda

Katika magari kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayoonekana sana katika barabara za mashariki mwa Congo, 4x4 huwekwa na dereva mwenyewe anapoihitaji. Akiisha kuiweka, kisanduku cha gia ambacho makanika wanakiita transferi kinafunga pamoja ekseli ya mbele na ya nyuma. Kuanzia hapo zote mbili lazima zizunguke kwa mwendo mmoja.

Ikiwa mipira ya mbele ni midogo kuliko ya nyuma, ekseli zinavutana. Kwenye matope haionekani haraka, kwa sababu magurudumu yanateleza na mvutano unajiachia wenyewe. Kwenye lami, au kwenye udongo uliokauka na kugandamana wakati wa kiangazi, mpira hauna nafasi ya kuteleza. Nguvu inajikusanya ndani ya mihimili na gia za transferi, hadi kitu kimoja kikatike.

Dalili huja mapema. Usukani unakuwa mzito, gari linaruka kidogo linapokata kona, mipira inalika haraka, na mkono wa 4x4 hautoki. Dereva mwenye uzoefu anarudi nyuma mita chache ili mvutano ulegee, kisha anautoa. Hiyo inasaidia kwa dakika ile tu. Sababu inabaki pale pale.

Kwa magari yenye 4x4 ya kudumu, kama aina nyingi za Prado, katikati kuna diferensiali inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo. Iliwekwa kwa ajili ya kona, si kwa kufanya kazi safari nzima bila kupumzika. Mipira isiyolingana inailazimisha kusaga muda wote, mafuta yake yanapata moto, na gia zinalika. Dereva akiifunga diferensiali hiyo ili apite matope, anarudi kwenye mvutano uleule wa Land Cruiser.

Hatari ni hiyohiyo kwa mipira miwili ya ekseli moja, kushoto na kulia. Gari linavuta upande mmoja, hasa linapofunga breki, na diferensiali ya ekseli hiyo inafanya kazi kama vile gari liko konani hata barabara ikiwa imenyooka.

Mpya na uliochakaa

Hata namba zikifanana, mipira inaweza kutofautiana. Mpira mpya wa kawaida una meno ya milimita 8 hivi, na wa matope huwa na zaidi. Ukiuweka pamoja na uliobaki na milimita 2, kimo kinatofautiana kwa milimita 12. Ndiyo maana watengenezaji wa magari ya 4x4 wanashauri mipira minne iwe ya kipimo kimoja, aina moja na uchakavu unaokaribiana.

Kuna pia umri. Karibu na herufi DOT zipo namba nne za mwisho: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani unaweza kuwa na meno mazuri huku ubavu wake umeanza kupasuka nyufa ndogo.

Kwa asiyekuwa na uwezo wa kununua minne

Wenye magari wengi hawana pesa za kubadili mipira yote mara moja. Kwao kuna njia za kupunguza hasara. Ya kwanza ni kupanga mipira kwa jozi: miwili inayolingana ikae mbele, miwili mingine nyuma, isichanganywe kwenye ekseli moja. Ya pili, kwa jeep ambayo 4x4 yake inawekwa kwa mkono, ni kuendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kuweka 4x4 ndani ya matope tu, na kuitoa mara gari likifika penye udongo mgumu. Mwenye 4x4 ya kudumu hana nafasi hiyo. Kwake mpira usiolingana ni wa kumfikisha polepole kwenye garaje ya karibu.

Kipimo cha uhakika hakihitaji mashine. Jaza upepo sawa katika mipira ya ekseli moja, kama mtengenezaji anavyoagiza. Weka alama ya chaki kwenye mpira na chini yake, sukuma gari hadi alama irudi chini, weka alama nyingine ardhini, kisha pima umbali kwa mita ya fundi. Rudia kwa magurudumu yote manne. Namba zikikaribiana sana, gari liko salama. Zikiachana kwa sentimita kadhaa, afadhali kujua hivyo ukiwa bado mjini.

Hasara yenyewe si ya mwenye gari peke yake. Transferi ikikatika njiani, abiria wanabaki na mizigo yao mahali ambapo fundi hayupo na kipuri kinatoka mbali. Katika maeneo ya Beni, Lubero na Mambasa, ambako waasi wa ADF wameua raia na kuchoma magari mara nyingi, hakuna anayetaka giza limkute kando ya jeep iliyokufa. Kupima magurudumu manne kwa chaki kabla ya kupakia kunaweza kuwaepusha abiria hao na usiku wa namna hiyo.