Jogoo mmoja ageuza banda zima Mata

Nilipopita Mata, kule Taveta upande wa Ziwa Jipe, mama mmoja alinionyesha kuku wake, wanono, wanaotaga vizuri. Nikampongeza. "Usinisifu, mwanangu," akasema. "Hakuna hata mmoja anayeatamia. Vifaranga sasa nanunua."

Alikuwa amenunua jogoo wa mbegu iliyoboreshwa, akachinja majogoo yake ya zamani yote. Kununua hakukuwa kosa. Mtetea wetu wa asili hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia siku 21, akalea wiki kadhaa bila kutaga. Waliotengeneza mbegu za mayai mengi walichagua, kizazi baada ya kizazi, kuku wasiopoteza muda kwenye kiota. Kwa hiyo jogoo yule alikuja na mayai, na uvivu wa kuatamia akaja nao. Kisha akaachwa awapande binti zake mwenyewe, na hapo ndipo banda liliharibika: wajukuu wanazidi kuwa wa damu yake, na udhaifu uliojificha hujitokeza.

Ningemshauri abakize mitetea watatu wanne wa asili pamoja na jogoo wao, mbali na wengine. Hao ndio mama wa kuangua, hata mayai ya wenzao. Jogoo wa mbegu abadilishwe kabla binti zake hawajaanza kutaga.

Na kwa joto la Mata, mimi ningetafuta kishingo, yule wa shingo tupu anayechekwa. Uchache wa manyoya humsaidia kupoza mwili. Tena ni sifa inayorithiwa kwa urahisi: hata jogoo aliyeipata kwa mzazi mmoja tu, akipanda mitetea wa kawaida, takriban nusu ya vifaranga watatoka shingo tupu.

Wengine huchanganya kwa ajili ya rangi ya mayai, maana wateja wetu wakiona gamba la kahawia husema "hilo ni la gredi". Rangi ya kahawia hupakwa juu ya gamba saa za mwisho kabla ya yai kutagwa. Ndani hakuna tofauti. Kuku wa Araucana wa Chile hutaga mayai ya buluu, na ukimchanganya na mbegu ya mayai ya kahawia hupata ya kijani. Jogoo hatagi, lakini rangi hiyo huibeba na kuwapa binti zake.

Yule mama ameshaazima koo wa jirani. Anaatamia mayai tisa.