Je, Kukaza Viunzi vya Bunduki Vilivyolegea Kuna Tija? Ufafanuzi wa Maungano ya AR-15

Makala haya yanafafanua suala la ufundi ambalo huwagharimu wapiga shabaha wa Marekani fedha na muda: iwapo kuna tija kukaza viunzi viwili vya bunduki ya AR-15 vinapokutwa vimelegea. Bunduki hiyo, iliyobuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo ndiyo asili ya M16 ya jeshi la Marekani, ina mwili wa aluminiamu uliogawanyika sehemu mbili. Kiunzi cha juu hubeba mtutu, komeo na vilengeo. Kiunzi cha chini hubeba kifyatulio, kasha la risasi, mshiko wa mkono na kitako. Viwili hivyo huunganishwa kwa pini mbili tu, moja mbele na nyingine nyuma, na mara nyingi mwenye bunduki akivishika huvisikia vikitikisika. Mafundi wa magari kwetu huiita hali hiyo plei, nao huichukia kwa sababu nzuri. Kwa bunduki hii, sababu hiyo haina budi kuthibitishwa kwanza.

Hofu yenyewe si ya kipuuzi. Pini hizo zimeachana kwa takribani milimita 160. Mwanya wa milimita 0.1 kwenye pini ya nyuma unaweza kuzaa mgeuko wa zaidi kidogo ya dakika mbili za pembe, ambao kwa umbali wa mita 100 ni kama milimita 62. Anayetafuta kundi la matundu lenye upana wa milimita 30 ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, hesabu hiyo inabeba dhana iliyofichika, kwamba mtutu na vilengeo vimo pande mbili tofauti za mwanya. Katika AR-15 sivyo. Vyote vimo katika kiunzi cha juu, na komeo hujifunga kwa meno yake ndani ya soketi ya chuma iliyokazwa nyuma ya mtutu, hivyo shinikizo la baruti halizibebeshi pini zile mzigo wa kufunga. Kiunzi cha juu kikiyumba juu ya cha chini, mtutu na kilengeo huyumba pamoja, na uhusiano wao haubadiliki.

Mahali palipolegea ndipo panapoamua. Katika bunduki ya Kalashnikov kifuniko cha juu hutikisika, lakini kilengeo cha nyuma kimewekwa mbele ya kifuniko hicho, kwa hiyo hakuna hasara. Wafini walipokihamishia juu ya kifuniko katika Rk 62, kifuniko hicho kilipaswa kukaa imara. Katika M14, mwili wa chuma hukaa ndani ya kitako, na namna kitako kinavyogusa chuma huathiri mtetemo wa mtutu. Ndiyo maana mafundi wa bunduki za mashindano walimimina gundi yenye nyuzi za kioo ili chuma kikae vilevile kila mara. Tiba hiyo ilikuwa sahihi kwa M14. Kuihamishia AR-15 bila kuuliza ugonjwa ni jambo jingine.

Hata hivyo, mpiga shabaha si mashine. Bega na shavu lake hugusa kitako, na kidole chake kimo kwenye kiunzi cha chini. Sehemu ya mbele ikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, bega likisukuma kwa nguvu zisizo sawa, kiunzi cha juu kinaweza kutulia tofauti kabla ya kila risasi. Athari hii inawezekana, ila ni ndogo, na kuipima ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Upana wa kundi la risasi 5 hubadilika wenyewe kwa mkengeuko sanifu wa karibu asilimia 27 ya wastani, hata bunduki isipoguswa. Ili tofauti ya asilimia 10 ifikie makosa sanifu mawili, yanahitajika makundi yapatayo 60 kabla ya kukaza na 60 baadaye, yaani risasi 600 kwa jumla. Anayefyatua makundi mawili, akaweka kabari ya mpira, akafyatua mengine mawili na kutangaza mafanikio, amepima bahati.

Gharama nayo ipo. Kabari ya mpira ni rahisi, lakini ikimeguka kipande kinaweza kuangukia kwenye kifyatulio. Pini nene kuliko kawaida, au skrubu inayosukuma kiunzi kutoka chini, hufanya pini zigome kutoka bila nyundo, na kuzigonga kila mara huchakaza matundu ya aluminiamu. Bunduki ambayo askari alipaswa kuifungua kwa ncha ya risasi huanza kuhitaji meza ya karakana. Kwa bunduki ya kazi, kwa maoni yangu, hasara hiyo inatosha kuacha ulegevu ulivyo. Kwa bunduki ya mashindano, kabari inakubalika kama starehe ya mikono, si kama dawa ya shabaha.

Ulegevu unaostahili fedha umo mbele zaidi, pale soketi ya mtutu inapoingia katika kiunzi cha juu, na pia kwenye skrubu za kishikio cha darubini. Mwanya wa hapo hukaa kweli baina ya jicho na mtutu. Huko mafundi hupasha moto kiunzi ili kipokee soketi iliyobana, au hupaka gundi ya chuma kabla ya kukaza nati ya mtutu.