Bunduki fupi ya risasi za bastola: kabla ya kuinunua, tazama ukuta wa jirani

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga duka usiku kisha akapanda ngazi kwenda kulala ghorofa ya tano ya jengo lile lile ana kila sababu ya kuwaza usalama wa familia yake. Fedha za mauzo wakati mwingine hulala naye, watu wanamfahamu, na ngazi za jengo hupitwa na kila mtu. Ndiyo maana swali hili hunifikia mara kwa mara, kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Samora: ile bunduki fupi inayotumia risasi za bastola, ambayo Wamarekani wanaisifu sana, inafaa kwa mchezo wa kulenga shabaha na pia kwa kulinda nyumba?

Swali ni zuri na linastahili jibu kamili. Silaha hiyo ina sifa za kweli. Lakini ubora wake hautegemei chuma peke yake. Unategemea sheria ya nchi unayoishi, jengo unalolala na mahali utakapofanyia mazoezi, na katikati ya Dar es Salaam mambo hayo matatu yana uzito kuliko jina la kampuni iliyoitengeneza.

Ni silaha ya namna gani

Karabini ya risasi za bastola ina mtutu mrefu na kitako cha kuegemeza begani, ila chemba yake imetengenezwa kwa risasi ya bastola, mara nyingi ya milimita 9. Wazo lenyewe ni la zamani. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi ya .44-40, na miaka michache baadaye Colt wakatoa bastola ya risasi hiyo hiyo, ili msafiri abebe aina moja ya risasi kwa silaha mbili. Siku hizi majina yanayotajwa zaidi ni Beretta Cx4 Storm, Kel-Tec SUB-2000 na Ruger PC Carbine. Msomaji asiichanganye na ile ambayo askari wetu huiita SMG. Hiyo ni jamii ya AK-47, na risasi yake ya 7.62 kwa 39 ina nguvu karibu mara tatu ya risasi ya milimita 9 iliyotoka kwenye mtutu wa karabini.

Kwa nini inapiga shabaha vizuri

Bastola hushikwa kwa mikono miwili iliyo hewani. Karabini inashikwa na mikono miwili, inaegemea begani, na shavu linatulia juu ya kitako. Mtikisiko wa mikono unapungua sana. Umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele za kulengea nao ni mrefu zaidi, kwa hiyo kosa dogo la jicho halikuzwi kuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mtu anayehangaika kugonga sahani ya chuma kwa bastola akiwa mita 15 anaweza kuigonga kwa karabini akiwa mita 50 baada ya mafunzo ya muda mfupi.

Ndiyo sababu mchezo huu umekua haraka. Chama cha ufyatuaji wa vitendo cha Marekani, USPSA, kilifungua daraja la karabini za bastola mwaka 2016, na vyama vingine vikafuata. Risasi za milimita 9 ni nafuu kuliko za bunduki kubwa, teke lake ni dogo, na shabaha za chuma haziharibiki haraka.

Hata hivyo ina mpaka wake. Risasi ya milimita 9 ni nzito na ya mwendo wa wastani, hivyo hushuka mapema. Ukiirekebisha karabini ipige katikati kwa mita 50, ukifika mita 100 risasi itakuwa imeshuka sentimita 15 hadi 20. Kwa shabaha za karibu hilo si tatizo. Kwa anayetaka kufyatua mbali, hajachagua chombo sahihi.

Mtutu mrefu huongeza nini

Wauzaji hupenda kusema kwamba mtutu mrefu huifanya risasi ya bastola kuwa na nguvu za bunduki. Tuangalie namba. Risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha gramu 8, ikitoka kwenye bastola ya mtutu wa sentimita 10, hukimbia kama mita 350 kwa sekunde. Ikitoka kwenye karabini ya mtutu wa sentimita 40, hufika mita 400 hivi. Nguvu yake hupanda kutoka takriban jouli 490 hadi 640. Ni nyongeza nzuri, lakini haibadilishi aina ya risasi. Baruti yake ni ya kuungua haraka, iliyokusudiwa mtutu mfupi. Sehemu kubwa huungua mapema, na mtutu unaobaki hauna cha kusukuma sana.

Risasi ya .357 Magnum ni habari nyingine. Baruti yake huungua polepole zaidi, na mtutu mrefu huipa nafasi ya kumaliza kazi. Kichwa cha gramu 10 kinachokimbia takriban mita 380 kwa sekunde kutoka kwenye rivolva hufika mita 540 kutoka kwenye karabini, na nguvu yake huongezeka karibu mara mbili.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji ni utaratibu wa ndani. Karabini nyingi za milimita 9 hazina kufuli ya kweli nyuma ya risasi. Kinachoizuia chemba isifunguke mapema ni uzito wa bolti na nguvu ya springi. Ni ubunifu rahisi, imara, usiohitaji ufundi mwingi, lakini ile bolti nzito inaporudi nyuma kwa kasi, bega husikia teke kubwa kuliko ulivyotegemea kwa risasi ndogo namna ile, na masizi hujaa ndani haraka. Usafishaji wake usiwe wa mara moja moja.

Kwa aliye katika nchi inayoruhusu

Wasomaji wetu wengine wako ughaibuni, na kwa baadhi yao kumiliki karabini ni jambo la kisheria. Kwao nina ushauri wa mpangilio. Anza na urefu wa kitako: ukiegemeza begani, shavu litue penyewe bila kunyoosha shingo. Kisha uzito. Kilo 3 hivi zinatosha kutuliza teke, na mtu wa umbo dogo bado anaweza kuzibeba mchana kutwa. Chagua inayotumia magazini ya bastola uliyonayo au inayopatikana kirahisi. Kioo chenye nukta nyekundu humsaidia mwanzilishi na mwenye macho ya miaka hamsini. Halafu nunua risasi za aina tatu au nne, uzijaribu zote kwa mita 50, kwa sababu kila mtutu una risasi unayoipenda. Marekani, sheria ya shirikisho inataka mtutu wa bunduki usipungue inchi 16, yaani sentimita 40 na ushei. Ukikutana na silaha fupi kuliko hapo, jua iko chini ya masharti mengine kabisa.

Uingereza wamefika kwingine. Baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, sheria ya 1988 ilizipiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, na baada ya yale ya Dunblane ya mwaka 1996, bastola nazo zikaondolewa mikononi mwa raia wengi. Wapenzi wa shabaha wa huko hawakuacha mchezo. Walirudi kwenye bunduki za wenzo, zile ambazo mfyatuaji husukuma wenzo chini na kuurudisha ili kupakia risasi inayofuata, wakitumia .38 na .357. Hizo pia ni karabini za risasi za bastola, na kwa mita 25 hadi 50 zinapiga kwa usahihi mkubwa. Mfano huu una maana kwetu, kwa sababu hapa pia sheria huangalia kama silaha inajipakia yenyewe.

Sheria inasimama wapi

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo tarehe 21 Aprili 2004, nayo ikaanza kutumika mwaka 2006. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki zinazofyatua mfululizo, na pia zile zinazojipakia zenyewe kila unapofyatua. Karabini karibu zote zinazosifiwa mitandaoni ziko katika kundi hilo la pili. Kutumia risasi ndogo hakuzitoi humo.

Hapa nyumbani inatawala Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Ombi la kumiliki silaha huanzia serikali ya mtaa, kwa watu wanaokufahamu, na hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika kwa msajili wa silaha wa Jeshi la Polisi. Kwa hiyo usimlipe mtu senti moja, wala usimtumie ndugu aliye nje fedha za kununua, kabla hujapata jibu la maandishi kuhusu aina hasa ya silaha unayoitaka. Silaha iliyoingia bila kibali inakufanya wewe uwe mhalifu wa kwanza ndani ya nyumba unayotaka kuilinda.

Hata mwenye leseni halali hapati ruhusa ya kufyatua apendavyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini inakufunga kwenye nguvu inayostahili na iliyo ya lazima kwa wakati huo. Mwizi anayekimbia na televisheni akikupa mgongo, na jambazi aliyekunyanyulia panga mlangoni, hawatazamwi kwa jicho moja mahakamani.

Jengo lenyewe

Sasa tazama mahali. Majengo ya Kariakoo na Kisutu yamesogeleana kiasi kwamba dirisha la jikoni lako linaangalia dirisha la chumba cha watoto wa jirani. Kuta za nje ni za tofali la saruji, na mara nyingi zitaizuia risasi ya bastola. Lakini ndani kuna milango ya mbao nyembamba, madirisha ya vioo na alumini, dari za jipsamu na vyumba vilivyogawanywa kwa ubao ili apatikane mpangaji mwingine. Risasi ya milimita 9 inapita katika vitu hivyo vyote na bado ina uwezo wa kuua. Ikigonga zege kwa pembe, inaweza kuparaza na kwenda usikokutaka. Ikitoka dirishani kwa kuelekea juu, inaweza kusafiri karibu kilomita 2, umbali unaokaribiana na kutoka soko la Kariakoo hadi Sanamu ya Askari pale Posta. Na chini barabarani kuna watu: tangu Februari 2025 ilipozinduliwa biashara ya saa 24, hata usiku wa manane si wakati wa mitaa mitupu.

Wengine husema basi shotigani ni salama zaidi. Marisaa makubwa nayo hupenya mlango na ubao. Hakuna risasi yenye uwezo wa kumzuia jambazi ambayo haina uwezo wa kumuua jirani. Karabini ina faida moja ya haki hapa: kwa kuwa inalengeka vizuri, risasi chache hupotea. Lakini ukumbi mwembamba na kona ya ngazi havipendi silaha ndefu, ambayo mshambuliaji anaweza kuushika mtutu wake kabla hujageuka. Mlio wake ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuyaumiza masikio ya mtoto maisha yake yote.

Na saa 23 nyingine za siku, silaha hiyo inakaa wapi? Katika nyumba yenye watoto, msaidizi wa kazi, wageni kutoka mkoani na fundi wa bomba, inahitaji sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, na risasi zifungiwe mbali nayo. Asiye na nafasi ya sefu hana nafasi ya bunduki.

Ushauri wangu

Kwa ulinzi wa nyumba ya ghorofani mjini, anza na vitu vinavyomchelewesha mtu mlangoni: mlango wa chuma wenye komeo imara, geti la ngazi ambalo wapangaji wote wamekubaliana kulifunga, taa, kamera, mlinzi wa kampuni inayotambulika, na namba za kituo cha polisi cha karibu kwenye simu ya kila aliyemo ndani. Halafu ondoa kinachomvuta jambazi. Mauzo yakipelekwa benki au kwenye mtandao wa simu kabla ya giza, kila mtu mtaani akajua hivyo, umepunguza hatari kuliko silaha yoyote inavyoweza. Ukiona bado unahitaji leseni, omba silaha ambayo sheria inaikubali bila mjadala, na ujifunze chini ya mwalimu mpaka kuishika kwa usalama kuwe tabia.

Anayependa shabaha kama mchezo asivunjike moyo. Bunduki ya upepo ya milimita 4.5 kwa mita 10 imo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1984, na inafundisha pumzi, jicho na kidole kwa gharama ndogo. Nayo iulizie polisi kabla ya kuiagiza. Akishapata nidhamu hiyo, aulize kuhusu bunduki ya risasi ndogo za .22, kisha bunduki ya wenzo. Mfyatuaji aliyepanda kwa ngazi hizo atakuwa mahiri kuliko aliyeanza na karabini ya gharama kubwa, na majirani zake watakuwa salama wakati wote anapojifunza.