RAM ilikufa mwaka 2022, lakini daftari la simu zetu liko mikononi mwa nani?

Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ndefu yenye tarakimu 15. Inaitwa IMEI. Kama simu ina nafasi mbili za SIM, zitatokea namba mbili. Ni sawa na namba ya shasi ya pikipiki: simu inazaliwa nayo kiwandani, na kila mara unapoiwasha, kampuni ya simu inaweza kuisoma kabla haijakupatia rezo.

Ni kwa jina la namba hiyo wakaaji wa Kongo walianza kukatwa unite katika mwezi wa 9 mwaka 2020. Jambo lenyewe liliitwa RAM, ufupisho wa Registre des appareils mobiles, yaani daftari la simu. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Makuta hayo hayakulipwa kwenye dirisha lolote. Yalichotwa kidogo kidogo kila mtu alipoingiza unite. Mama wa Butembo anatia unite ili aulizie mtoto wake anayesoma Kisangani, anapiga, simu inakatika katikati ya salamu. Anafikiri ni rezo. Kumbe ni RAM.

Serkali ilieleza kwamba ni kwa faida yetu: kupiga vita simu za bandia na simu za wizi. Hakuna mtu wa Birere au wa Kadutu atakayesema simu haziibiwi. Na simu za bandia zipo tele sokoni, zile ambazo betri inavimba sawa andazi baada ya miezi mitatu. Shida haikuwa shabaha. Shida ni namna chombo chenyewe kilivyofanya kazi, na hapo ndipo mtu anapaswa kukitazama vizuri, kwa sababu ahadi ya namna hiyo, eti tunakulinda dhidi ya wizi, hatujaisikia kwa mara ya mwisho.

Mwizi naye alilipa

RAM haikumuuliza mtu karatasi ya kununulia simu. Ilimkata yeyote aliyekuwa nayo mkononi. Kijana aliyenyang'anya simu usiku, akatoa SIM ya mwenyewe na kutia ya kwake, alikatwa unite sawa wengine, na simu ikahesabiwa kuwa imelipiwa. Mwenye kuibiwa akanunua simu ingine, akaanza kulipa upya. Ni vigumu kuona hapo nani alilindwa.

Tena kuna mambo ya ufundi ambayo mtengenezaji yeyote wa simu kwenye meza yake kando ya barabara anayajua. Kwenye simu nyingi za bei ndogo, IMEI inaweza kubadilishwa kwa kompyuta na programu. Na orodha ya simu zilizoibiwa ina maana tu ikiwa kampuni zote zinaisoma, pamoja na zile za inchi jirani. Simu iliyoibiwa Goma ikivuka hadi Gisenyi, au ikifika Kampala, itapata rezo huko ikiwa orodha ya Kongo haikufika. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kina orodha ya pamoja ya simu za wizi, na kampuni hazihitaji kumkata mtu wa Walikale dola 7 ili kuitumia.

Basi kazi iliyoonekana kwa macho ilikuwa moja tu, ya kukusanya. Makuta yalipitia kampuni za simu, yakaenda kwa ARPTC, ofisi ya serkali inayosimamia posta na simu, na sehemu ikaenda kwa kampuni ya binafsi iliyoshika upande wa ufundi. Vijana wa LUCHA waliingia barabarani. Mashirika ya kufuatilia makuta ya umma yakadai hesabu.

Sheria ilisema nini? Katiba ya 2006, katika kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. RAM haikutoka Bungeni. Ilitoka kwenye maagizo ya serkali. Mwaka 2021 mbunge Claude Misare, aliyechaguliwa Uvira, alimwita waziri Augustin Kibassa Maliba mbele ya Baraza la wabunge ajieleze. Jibu la waziri lilikuwa kwamba RAM si kodi, ni malipo ya huduma. Wabunge walikasirika, na si ajabu: huduma ni kitu mtu anachoomba au anachokataa. Hii ilikuwa inajilipa yenyewe mfukoni mwa mtu aliyelala.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 serkali iliifuta. Waziri alibaki kwenye kiti chake, na akarudi tena katika serkali ya Judith Suminwa mwaka 2024. Unite zilizokatwa hazikurudi kwa wenyewe. Lakini kuna kitu kingine ambacho watu walikisahau katika furaha ya kuona RAM imekufa: daftari.

Kadi ya uchaguzi, SIM, IMEI

Inchi yetu imekaa miaka mingi bila kadi ya uraia, kwa hiyo ukienda kununua SIM, unaonyesha kadi ya uchaguzi. Mle mna jina, tarehe ya kuzaliwa, fasi unapokaa, na sura yako. SIM inafungwa na kadi hiyo. SIM ikiingia kwenye simu, inafungwa na IMEI. Tangu hapo, anayeshika orodha hizo tatu anaweza kuanzia kwenye simu iliyookotwa njiani na kumalizia mlangoni kwako. Anaweza pia kuona simu iliwashwa karibu na antena gani, saa ngapi.

Kwa mtu wa Paris hilo linaweza kuwa mazungumzo ya wataalamu. Kwetu si hivyo. Huku mji unaweza kubadilisha mwenye kuuongoza kwa usiku mmoja, sawa vile Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu majuma machache baadaye. Huku mtu anafika kwenye bariere, anaambiwa afungue simu, na picha moja au ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kumletea taabu. Orodha iliyotengenezwa na serkali moja inaweza kusomwa kesho na wengine, nao hawatauliza ilitengenezwa kwa shabaha gani.

Kuna upande wa pili, na ni haki kuutaja. Wakaaji wa Rutshuru na wa Nyiragongo wanajua utekaji nyara. Watekaji wanapiga simu, wanataja bei, mara nyingine wanataka makuta yatumwe kwa simu hiyohiyo. Familia ingefurahi sana kama namba hiyo ingefuatwa. Ndiyo maana si watu wote wanaopinga serkali kuwa na macho kwenye rezo. Swali linaloulizwa kwenye vilio ni lingine kabisa: ikiwa kila SIM ina jina na sura, kwa nini watekaji hawapatikani, ila mwenye kuandika maneno makali kwenye Facebook anapatikana upesi?

Na simu leo si ya kuongea tu. Banki zilipofungwa Goma mwaka 2025, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo zilizobaki kuwa mfuko wa watu wengi. Anayeweza kuzima simu yako kwa sababu IMEI yake haiko kwenye daftari, anaweza kukuacha bila chakula. Wakati wa RAM, kuzimiwa simu isiyolipiwa kulikuwa tisho lililosemwa waziwazi.

Mkono ulio kwenye swichi

Kampuni za simu zilijitetea kwamba zilikuwa zinatekeleza tu. Utetezi huo tulikwisha kuusikia. Mwezi wa kwanza 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikakatwa tena, na ikakaa hivyo karibu siku 20. Wakati huo Beni na Butembo walikuwa wamenyimwa kura ya rais kwa sababu, walivyoambiwa, ya Ebola na ya usalama. Ebola ilikuwa bado inaua. Familia iliyotaka kujua kama kituo fulani cha matunzo kiko wazi, au kama uvumi fulani ni wa kweli, haikuwa na WhatsApp ya kuulizia. Waliokaa Goma, Bukavu na Uvira walikuwa na bahati ndogo: SIM ya Rwanda au ya Burundi, na kusogea karibu na mpaka.

Kifungu cha 46 cha sheria ya simu ya mwaka 2002 kiliipa serkali uwezo wa kuzuia matumizi ya simu kwa sababu za usalama. Kampuni zina leseni, na leseni inatoka kwa serkali. Kwa hiyo zikipata barua, zinazima. Lakini tusizionee huruma kupita kiasi. Vodacom ya Kongo ni mtoto wa Vodacom ya Afrika Kusini, ambayo nayo iko chini ya Vodafone ya Uingereza. Orange ni ya Ufaransa. Airtel mizizi yake iko India. Hizi si duka za kando ya barabara zinazotetemeka mbele ya komanda. Mteja aliyekatwa intaneti wakati forfe yake ya mwezi ilikuwa inahesabu siku, ndiye aliyebeba hasara. Na hata siku za kawaida, mega ambazo hukuzitumia zinakufa saa sita za usiku, na hakuna waziri aliyewahi kuita jambo hilo wizi.

Mwaka 2023 tuliona namna ingine ya macho. Mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa mwezi wa 9, simu zake na kompyuta yake zikachukuliwa. Alishitakiwa juu ya habari iliyotoka Jeune Afrique kuhusu kifo cha Chérubin Okende. Waendesha mashitaka walidai kwamba ufundi umeonyesha ni yeye wa kwanza kutuma waraka fulani. Shirika la RSF liliuliza kampuni zinazomiliki WhatsApp na Telegram, nazo zikajibu kwamba kumtambua mtumaji wa kwanza kwa njia ile haiwezekani. Bujakera alikaa gereza la Makala hadi mwezi wa tatu 2024. Tangu kesi ile, afisa akisema tu kompyuta imeonyesha, ni vema avoka aombe kuonyeshwa imeonyeshaje.

Na yule kijana wa flash?

Katika hayo yote, anayeitwa pirata kila siku ni kijana mwenye kompyuta ya zamani na spika mbili mlangoni, anayejaza kadi za memori: nyimbo, filme za India zilizotafsiriwa Kiswahili, mahubiri, vichekesho. Sheria inayomkataza ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, wakati kaseti ndiyo ilikuwa mashini ya kunakili. Wasanii wa Goma na wa Bukavu wanaomlalamikia wana haki: wimbo walioutolea makuta studio unazunguka mji mzima bila wao kupata hata franka 100. Lakini wasanii haohao wanalalamika pia juu ya SOCODA, shirika linalokusanya haki za wasanii kwenye mahoteli na mabaa, kwamba kinachokusanywa hakiwafikii.

Mteja wa yule kijana naye amepiga hesabu yake. Kusikiliza wimbo mara kumi kwenye YouTube kunakula mega mara kumi. Kwenye kadi ya memori unalipa mara moja, na hata intaneti ikikatwa wimbo unabaki. Kadiri mega inavyokuwa bei juu, ndivyo meza yake inavyojaa. Polisi wakipita kumnyang'anya kompyuta, bei ya mega haishuki, na msanii halipwi.

Kanuni za mambo ya numeriki zilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, RAM ikiwa imekwisha kuzikwa. Kifungu cha 31 cha katiba kilikuwa kimeahidi siri ya mawasiliano tangu 2006, lakini kanuni hizi ndizo zilizoingia ndani: zinampa mtu haki ya kuuliza ni habari gani zake zimehifadhiwa, na zinatarajia ofisi ya pekee ya kulinda habari hizo. Kwa hiyo barua inawezekana, hata ya mteja mmoja aliyekatwa unite kati ya 2020 na 2022. Maswali yake hayajazi ukurasa: IMEI yangu mliyoiandika kwa RAM mliifuta au mnayo bado, iko kwenye mashini ya nani, na nani ana ruhusa ya kuifungua? Anwani ni mbili, ARPTC na kampuni yenyewe ya simu, ambayo duka lake haliko mbali na fasi ulipochukulia SIM.