Je, Wajua? Kalamu Inayotoka Kwenye Maranda

Kibanda cha uani, mashine moja ndogo, msasa, na ndoo ya vipande vya mbao ambavyo seremala angevitia motoni. Kwa vitu hivyo kuna watu wanatengeneza kalamu na kuziuza. Je, wajua kwamba…

1. Kazi hii ina kitenzi chake cha Kiswahili tangu zamani? Ni *kukereza*. Mashine yake ni kerezo, au keezo, ingawa karakana nyingi siku hizi husema "lethi". Yale matendegu ya vitanda vya kale vya Lamu na Unguja, yenye mafundo na mabonde, yalikerezwa.

2. Kerezo la zamani, lililozungushwa kwa kuvuta kamba, halikuzunguka upande mmoja? Mti ulienda mbele ukarudi nyuma, na fundi alikata pale tu ulipozunguka kumwelekea. Ukirudi, anaondoa patasi.

3. Neno "kalamu" tumelipata kwa Waarabu, nalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya tete? Kabla ya chuma na plastiki, kalamu ilikuwa mmea uliochongwa ncha.

4. Wakenya wakisema "biro" wanamtaja mtu? László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, aliona wino wa gazeti unavyokauka haraka, akabuni kalamu ya wino mzito na kigololi kwenye ncha. Alipata hataza mwaka 1938, kisha nyingine mwaka 1943 akiwa Argentina. Huko, Siku ya Wavumbuzi ni Septemba 29, siku aliyozaliwa.

5. Ndani ya kalamu ya mbao kuna shaba? Ile nyembamba ambayo wengi huanza nayo ina vijibomba viwili vya shaba ya njano, kila kimoja na upana wa milimita 7. Mbao hutobolewa, kijibomba kikagandishwa ndani, ndipo ikakerezwa. Ncha, klipu na mrija wa wino hununuliwa tayari.

6. Sehemu kubwa ya mbao haifiki mfukoni mwa mteja? Unaanza na kipande cha mraba chenye upana wa sentimita 2 hivi. Ukimaliza, miishoni pamebaki ukuta wa mbao usiofika milimita moja juu ya shaba. Zaidi ya tisa ya kumi imekuwa maranda sakafuni.

7. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, huzama majini? Ni mzito kuliko maji. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na kiini chake cheusi ndicho kinachotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Gogo lake huwa na nyufa na vipinda, hivyo mabaki ni mengi. Kipande kisichotosha klarineti kinatosha kalamu.

8. Adui wa mpingo kwenye kazi hii ni joto? Ukiusukuma msumari wa kekee kwa pupa, unga hujaa kwenye mifereji yake, kitundu kinachemka, na harufu ya kuungua hukufikia kabla hujaona kitu. Unapumua, unadhani umepona. Dakika kumi baadaye unakigeuza kipande kwenye mwanga: ufa mwembamba kama unywele, kutoka mwisho hadi mwisho. Dawa ni kutoboa kidogo, kuchomoa, kupuliza unga, kungoja, kuingia tena. Kwenye msasa ni vivyo hivyo: ukiona kidole kinaungua, mbao nayo inaungua.

9. Mpingo una mafuta yanayokataa gundi? Mafundi huupangusa kwa asetoni kwanza. Asiyefanya hivyo, kijibomba chake huachia siku bobari, ile patasi ya makali ya mviringo, inapogusa mbao.

10. Supaglu hutumika pia kama vanishi? Matone machache hupakwa kwa kitambaa kalamu ikizunguka, tabaka juu ya tabaka, kisha hung'arishwa mpaka ikawa kama kioo. Harry Coover aliigundua mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Akaiweka kando kwa sababu ilinata kila mahali! Ilianza kuuzwa mwaka 1958.

11. Kanzu na kerezo havipatani? Wala kanga, mtandio, au mikono mirefu ya shati. Mashine inayozunguka mara 2,000 kwa dakika haikupi nafasi ya kujinasua.

12. Vumbi la jamii ya mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua? Barakoa na miwani huvaliwa kabla ya kuwasha mashine. Na watoto wasicheze kwenye maranda.

13. Karatasi ni muhimu kama mbao? Nunua kwa muuzaji mwenye risiti na hati halali za mazao ya misitu. Kimataifa, jamii yote ya mpingo ilianza kudhibitiwa kwa kibali mwaka 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena zimesamehewa kibali hicho. Kalamu moja ina gramu chache tu.

14. Kalamu iliyopasuka nayo ina bei? Ukiharibu kalamu mbili katika kumi, zile nane zinabeba gharama ya kumi: shaba, gundi, msasa, umeme na saa zako. Wanaoanza huhesabu mbao tu, tena ya bure, wakauza kwa furaha na kupata hasara bila kujua. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kalamu yako ya kwanza, ile iliyopinda kidogo, usiiuze. Iweke juu ya daftari la hesabu, ikuandikie bei ya zinazofuata.