Mto Kallang na Bustani Iliyokubali Kufurika

Miji mingi iliyoota kando ya mito ina desturi ya kuinyoosha mito hiyo, kuitia kuta za saruji na kuizungushia uzio, kisha, masika makubwa yanapowadia, kustaajabu kwamba maji yaliyonyimwa njia yamejitafutia njia. Katika Singapore, Mto Kallang ulitendewa vivyo hivyo: kipande chake kilichopita pembeni mwa bustani ya Bishan kilikuwa mfereji wa saruji wa kilomita 2.7, uliotenga bustani na majumba ya raia wa ng'ambo ya pili.

Mwaka 2006 shirika la maji la nchi hiyo lilianzisha mpango wa kuirejesha mito katika maisha ya watu, na kazi ya Bishan ikakabidhiwa wasanifu wa mandhari wa Atelier Dreiseitl, wenye asili yao Ujerumani. Bustani ilipofunguliwa upya mwaka 2012, mfereji ulikuwa umebomolewa, mto ukipindapinda kwa kilomita 3.2 ndani ya hekta 62, na saruji iliyovunjwa imerundikwa ikawa kilima cha kutazamia mandhari.

Kwa kuwa kingo za udongo tupu hazistahimili mvua za nchi ile, wahandisi walijaribu kwanza mbinu kumi kando ya mfereji mdogo bustanini: matita ya vijiti vibichi, mawe yaliyopachikwa vipandikizi, vizimba vya mawe na kadhalika, hata ikadhihirika ni mizizi ipi ishikayo udongo barabara. Lakini hekima kubwa ya usanifu ule imo katika umbo la bonde lenyewe. Siku za ukavu mto ni mwembamba, na watoto huuvuka kwa kukanyaga mawe. Mvua ikishuka, ving'ora na taa huwaonya watu waondoke, na maji hutandaa majanini, upana wa mita zipatazo mia, kama mgeni aliyekwisha kutandikiwa jamvi. Pamoja na nafasi hiyo wamerejea viumbe, hata fisi maji.

Mfano huu una maana kwetu, maana Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Jangwani huikatiza Barabara ya Morogoro mara kwa mara, nalo limekusudiwa kuwa na bustani ya mji, katika mradi ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022. Hata hivyo tofauti ni dhahiri: Bishan ilikuwa bustani tayari, ilhali Msimbazi palijaa nyumba, karakana na mashamba ya mboga. Basi mchoro wa bustani ya namna hii huanza na swali la maji yatalala wapi siku ya mvua mbaya kuliko zote, na hesabu ya gharama zake huanza na fidia ya haki kwa wale waliokuwa wakilala hapo kabla yake. Miche, vijia na mabenchi vitafuata, navyo ndivyo vilivyo rahisi.