Vitamini D na Ujauzito katika Baridi ya Mafinga

Vitamini D hupatikana kidogo kwa chakula na kwa wingi kwa jua. Mionzi ya jua inapogusa ngozi isiyofunikwa, ngozi hutengeneza vitamini hiyo, kisha ini na figo huikamilisha ili ifanye kazi. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Mtoto aliye tumboni hujenga mifupa kwa kalsiamu ya mama, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na vitamini D yote aliyo nayo ni ile iliyopita kwenye kondo la nyuma.

Upungufu mkubwa una madhara yasiyo na ubishi. Kichanga huweza kupata degedege kwa kukosa kalsiamu, na akikua hupata matege. Katika miji ya viwanda ya Ulaya, karne ya 19, wasichana wengi walioishi bila jua la kutosha walikua na nyonga zilizopinda, na walipofika umri wa kuzaa, mtoto alishindwa kupita.

Ubishi uko kwenye upungufu wa wastani. Tafiti nyingi zilizopima damu za wajawazito ziliona kwamba wenye kiwango cha chini hujifungua njiti, hupata watoto wenye uzito mdogo au huugua kifafa cha mimba mara nyingi zaidi. Lakini mama anayeshinda ndani kwa sababu ni mgonjwa, au anayekula vibaya, naye hupimwa akaonekana ana vitamini D kidogo. Kipimo hicho pekee hakiwezi kusema kama vitamini ndiyo chanzo au ni dalili tu ya hali yake.

Dar es Salaam imetoa funzo zuri kuhusu hilo. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi wa damu za wajawazito wapatao 880 wenye VVU. Waliokuwa na vitamini D kidogo walizaa watoto walioambukizwa na kufariki kwa wingi zaidi, ingawa uzito wa kuzaliwa haukutofautiana. Ilibidi kujaribu. Kuanzia mwaka 2015, wajawazito 2,300 wenye VVU, wote wakitumia ARV, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa vitamini D yuniti 3,000 kila siku hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua, na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Vidonge havikupunguza ugonjwa wala vifo vya akina mama, havikupunguza watoto wanaozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba, wala udumavu wa mtoto afikapo mwaka mmoja. Jaribio lililofanyika Dhaka, Bangladesh, kwa wajawazito ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya VVU, nalo halikuona nafuu katika ukuaji wa watoto. Shirika la Afya Duniani pia halipendekezi vitamini D kwa kila mjamzito.

Mafinga iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwenye nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi na mionzi hupita kwa nguvu zaidi. Hata mwezi Juni, saa sita mchana, kivuli cha mtu ni kama theluthi mbili tu ya urefu wake; jua la namna hiyo linatosha. Kinacholizuia ni ukungu, sweta na vitenge vinavyofunika mwili kutwa nzima. Jua la dirishani halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi inayohitajika. Kukunja mikono ya nguo kwa muda mfupi wakati wa kuchambua mboga uani kunafaa kuliko kuota jua nyuma ya kioo. Mama mwenye ualbino asifuate ushauri huu, maana ngozi yake huungua na hatari ya saratani ni kubwa.

Mkoa wa Iringa, ulimo mji wa Mafinga, una mzigo mzito kuliko upungufu wa vitamini D. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Fedha ya familia ikiwa ndogo, itangulie kwenye mayai, dagaa, maharage na maziwa. Mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, ameze vidonge vya kuongeza damu bila kuruka siku, na asinunue vitamini D dukani kabla ya kuzungumza na mhudumu wa kliniki.